Maji ya Lango la Juu

Jumatatu, 8 Januari 1979

Maji: futi nne na inchi saba. Barafu nyembamba.

Wilf, mume wangu, aliandika kimo cha maji kila asubuhi kwa miaka ishirini na sita. Alipofariki, ofisi ya mifereji iliniambia naweza kuendelea kukaa kwenye nyumba ya mlinzi mradi kazi hiyo niifanye mimi. Hawakusema nisiandike na mengine.

Leo mafundi wamekuja. Lango letu ni la kwanza kati ya malango kumi na matatu yanayoshusha maboti kutoka juu ya Birmingham hadi bondeni, nyuma ya viwanda. Milango yake ya mwaloni imeoza hadi unaweza kuichoma kwa kijiko. Wameziba kwa mbao nene juu na chini ya chumba cha lango, kile ambamo boti hushuka maji yakipunguzwa, wakavuta maji yote kwa pampu. Nimekitazama chumba kile kikijaa na kupungua karibu miaka thelathini. Leo nimeiona sakafu yake: tope, baiskeli mbili, kitanda cha mtoto, na birika zuri tu ambalo mtu alilitupa kwa hasira.

Msimamizi ni Bwana Carlton Rhoden, Mjamaika mpole anayekaa Handsworth. Seremala wake ni mwanangu Roy. Ni mara ya kwanza kumpata kila siku tangu aoe na kuachana na mkewe.

"Mama, chai hii umeichuja mara ngapi?" ameniuliza mbele ya wenzake.

"Mara moja. Ulimi wako ndio umekufa kwa sigara."

Wote wamecheka, na Roy zaidi yao.

Jirani yangu wa upande wa juu hakucheka. Abel Skerrett amefunga boti lake, Malvern, mita thelathini kutoka mlangoni kwangu tangu Agosti. Moshi wake wa makaa unaingia kwenye nguo ninazoanika. Mbwa wake amefukua vitunguu vyangu. Novemba niliandika barua ofisini ili aondolewe. Sijamwambia mtu.

Jumanne, 9 Januari

Maji: futi nne na inchi saba. Mbwa tena.

Ijumaa, 12 Januari

Maji: sawa na jana. Barafu unene wa kidole.

Milango ya zamani imetolewa. Bwana Rhoden amenionyesha tarehe iliyochongwa kwenye boriti: 1921. "Bi Tranter, walioichonga hii walijua tutakuja," amesema, akaifuta tope kwa mkono wake. Skerrett amesimama ukingoni asubuhi nzima, mikono mfukoni, akiwaambia wanavyokosea. Kamba iko upande usiofaa. Winchi iko karibu mno. Roy ananiambia wanamwita Mkaguzi.

Jumatano, 17 Januari

Maji: pungufu inchi mbili. Theluji.

Madereva wa malori wamegoma nchi nzima. Milango mipya imeshamalizika karakana, maili saba kutoka hapa, lakini hakuna wa kuileta. Mafundi wamekaa kwenye kibanda chao wakicheza karata. Kila siku lango linapokaa tupu, baridi inaingia kwenye kuta zilizozoea kushikwa na maji. Bwana Rhoden haipendi hali hiyo. Anapita akigonga matofali kwa nyundo ndogo na kusikiliza, kama daktari na kifua cha mgonjwa.

Ijumaa, 19 Januari

Maji: futi nne na inchi tano.

Nimemkuta Skerrett mlangoni pa kibanda cha mafundi.

"Karakana ipo kwenye mfereji au haipo?" alikuwa anauliza.

"Ipo," akajibu Bwana Rhoden.

"Kwenye maji haya haya ya juu? Hakuna lango hata moja kati yetu na wao?"

"Hakuna."

"Basi mnasubiri lori la nini? Boti langu lilibeba tani ishirini na tano za makaa kabla wewe hujaota ndevu."

Roy akasema barafu itamzuia. Skerrett akamgeukia. "Baba yangu alivunja barafu mwaka wa arobaini na saba kwa boti hili hili. Wewe lete watu wanne wa kuliyumbisha barafu ipasuke. Mengine niachie."

Nilipofika nyumbani niligundua nimebeba kikombe cha mtu mwingine.

Alhamisi, 25 Januari

Maji: futi nne na inchi tano.

Tumelisikia boti kabla hatujaliona. Barafu ikipasuka toka mbali, chini ya daraja la reli, mlio kama sahani zinavunjwa moja moja. Halafu omo la Malvern, pua yake ya mbele, likatokea, jeusi, na wanaume wanne wamesimama juu wakilitikisa huku na huku. Nyuma amesimama Skerrett na kofia yake, mkono kwenye usukani, akitazama mbele kana kwamba hamna mtu mwingine duniani. Tumboni mwa boti mlikuwa na milango mitatu mipya, ya rangi ya mkate.

Watu walitoka kiwanda cha shaba kutazama. Mzee mmoja alivua kofia.

Niliwapa wote supu. Skerrett aliinywa nje, amesimama.

"Asante, Bi Tranter."

"Karibu."

Hayo ndiyo maneno tuliyosemezana. Ni mengi kuliko ya miezi sita.

Ijumaa, 2 Februari

Maji: futi nne na inchi sita. Mlango wa juu umeingia mahali pake. Roy amerudi na kidole kilichopondeka na furaha tele.

Jumanne, 13 Februari

Maji: futi nne na inchi sita. Baridi kali, upepo kutoka mashariki.

Naandika haya kwa aibu.

Saa nne asubuhi Skerrett alibisha mlango. Alikuwa amenyoa. Mkononi ana bahasha ya ofisi ya mifereji.

"Bi Tranter, samahani. Marehemu mke wangu Rosie ndiye aliyekuwa anasoma. Mimi sikwenda shule, tulikuwa hatukai mahali zaidi ya siku mbili. Ningempa Rhoden lakini yeye ni mtu wa ofisi. Nimeona wewe ni jirani."

Nimemkaribisha jikoni. Mbwa akaingia pia. Nimevaa miwani, nikafungua. Barua ilisema kwamba, kutokana na malalamiko ya mkazi wa karibu, anatakiwa kuondoa boti lake kabla ya tarehe 31 Machi, asirudi kulifunga popote juu ya lango.

Mkazi wa karibu ni mimi. Hakuna mwingine.

Alikuwa amekaa wima, mikono magotini, kama mtoto kwenye benchi la mwalimu mkuu.

"Wanasemaje?"

"Wanakuomba," nimesema, "uangalie usafi wa ukingo. Na mbwa."

"Basi?"

"Basi."

Alipumua. Alicheka kidogo hata. "Nilidhani wananifukuza. Sijalala tangu Jumamosi." Akakunja barua vizuri, akaitia kwenye mfuko wa ndani wa koti, akamwambia mbwa, "Umesikia wewe? Umetajwa."

Nilimpa kipande cha keki. Sijui kwa nini nilimpa keki.

Jumatano, 14 Februari

Maji: futi nne na inchi sita. Ukingo umefagiliwa kutoka kwenye boti mpaka getini kwangu. Sikutoka nje.

Jumatatu, 19 Februari

Maji: futi nne na inchi sita.

Kila asubuhi ananisalimia sasa. Ameleta mfuko wa makaa, kauweka mlangoni bila kubisha. Roy kaniuliza, "Mama, wewe na Mkaguzi kuna nini?" Nimemwambia afunge mdomo ale.

Zimebaki wiki sita kufika tarehe ile. Nimeanza barua kwa ofisi mara mbili, nikachana mara mbili. Nitamwambia nini mtu akiniuliza kwa nini nilidanganya? Nilidanganya kwa sababu alikuwa ananitazama.

Jumatatu, 26 Februari

Maji: yamepanda inchi tano tangu jana. Mvua.

Barafu inayeyuka. Usiku kucha paa limedondosha. Mabamba ya barafu makubwa kama milango ya kanisa yanaelea na kugonga mbao za kuzuia maji. Bwana Rhoden amegonga kuta tena kwa nyundo yake. "Baridi imeyashika mawe kwa wiki sita," ameniambia. "Sasa inayaachia. Wakati wa kuachia ndio siupendi." Anataka kumaliza milango ya chini kabla ya Ijumaa na kurudisha maji.

Alhamisi, 1 Machi

Sikupima maji jana. Ni mara ya kwanza katika daftari hili. Naandika kila kitu sasa.

Ilikuwa saa nne na robo asubuhi, Jumatano. Nilikuwa natoka na sinia la chai. Roy alikuwa chini kabisa chumbani, amepiga magoti chini ya mlango mpya uliokuwa unaning'inia kwenye winchi, anasawazisha kitako chake. Wenzake wawili walikuwa karibu na ngazi ya chuma.

Nilisikia sauti kama shuka zito linachanwa. Jiwe moja ukutani, lile linaloshika ncha za mbao za juu, liliachia na kuanguka, na mbao mbili zikaenda nalo. Nyuma ya mbao zile kuna maili na maili za maji, mfereji wote wa juu, na yote yalitaka kupita kwenye tundu lile; mlango mpya wa juu ulikuwa umefungwa kwa kamba ukiwa wazi.

Wale wawili walipanda ngazi kama paka. Maji yaliupiga mlango uliokuwa unaning'inia, ukazunguka, ukashuka. Ulipotulia, mguu wa Roy ulikuwa chini yake.

Hakulia. Alisema tu, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Carlton, nimebanwa."

Bwana Rhoden tayari alikuwa anashuka. Mimi nimesimama na sinia. Maji yalikuwa kiunoni mwa mwanangu aliyepiga magoti, na mbao za chini ya chumba zilikuwa zinayazuia yasitoke, kwa hiyo yalikuwa yanapanda. Yalipanda jinsi ndoo inavyojaa chini ya bomba.

Ndipo nikamwona Skerrett. Alitoka kwenye boti lake na shoka. Akamrusha mbwa ukingoni. Akakata kamba ya mbele, akakimbia, akakata ya nyuma. Nilidhani anatoroka. Mungu anisamehe, wazo langu la kwanza lilikuwa hilo: anaokoa boti lake.

Mkondo ulilichukua Malvern mara moja. Injini ikanguruma, na nikaona kwamba halirudishi nyuma. Anaendesha mbele. Amelenga omo kwenye tundu.

"Bi Tranter, sogea hapo," aliniambia alipopita, kama mtu anayepita na mkokoteni sokoni.

Boti hizi ziliundwa kwa upana wa malango haya, inabaki nafasi ya vidole tu kila upande. Malvern liliingia kwenye mdomo wa lango kwa mlio ambao nitausikia mpaka nife. Mbao zilizobaki zilivunjika, zikapasua omo. Skerrett aliangushwa chini. Boti likazama mbele, likakaa juu ya kizingiti cha jiwe, likabanwa kwa kuta mbili kama kizibo kwenye chupa.

Maji hayakukoma. Lakini mngurumo uliisha. Yalibaki yakimiminika pembeni na chini ya boti, kwa mistari.

Roy alikuwa na maji mabegani. Bwana Rhoden alikuwa amemshika kidevu. "Zile za chini," alisema kwa wale wawili. "Chomoeni zote." Walizichomoa mbao za chini moja baada ya nyingine, na maji ya chumbani yakaanza kutoka kuelekea lango la pili. Kifuani. Kiunoni. Magotini. Wakaleta jeki, wakauinua mlango. Ilichukua dakika ishirini na tano. Mimi nilikuwa nimeshashuka ngazi, sikumbuki vipi. Nilikuwa nimekaa kwenye tope namshika mkono.

"Mama, umekuja na soksi tu," Roy akaniambia.

Ni kweli. Viatu nilivikuta baadaye ukingoni, vimepangwa pamoja vizuri, na sinia pembeni. Hakuna kikombe kilichomwagika.

Mguu umevunjika mahali pawili. Daktari amesema atatembea. Leo nimemwona amekaa kitandani, anagombana na muuguzi kuhusu sigara.

Ijumaa, 2 Machi

Wameweka mbao mpya nyuma ya boti. Skerrett hana pa kulala; godoro, picha ya Rosie, jiko, vyote vilizama. Nimemleta kwangu, chumba cha Roy. Hakubisha. Picha tumeikausha juu ya jiko. Uso umebaki.

Jumapili, 4 Machi

Maji: futi nne na inchi nane. Anakula kidogo. Anaosha sahani yake mwenyewe, na yangu.

Ijumaa, 9 Machi

Maji: futi nne na inchi nane.

Jioni, baada ya chai, alitoa ile barua kwenye koti. Ilikuwa imelowa na kukauka.

"Nisomee tena, Bi Tranter. Nikienda ofisini kuomba walitengeneze boti, nitaje wameandika nini. Wanataka usafi, nitawaambia nimefagia."

Wino ulikuwa umesambaa lakini yote yalisomeka. Nimeisoma. Safari hii nimeisoma neno kwa neno, mpaka mwisho, na tarehe. Halafu nikamwambia mkazi wa karibu ni nani.

Mbwa alinyanyua kichwa.

"Uliandika lini?"

"Novemba."

"Kwa hiyo nilipokuja na barua, ulijua."

"Nilijua."

"Nilikaa pale." Alionyesha kiti. "Nikala keki."

Nilisema samahani, na neno lenyewe lilikuwa dogo hata mimi nililisikia.

"Moshi ungeniambia," amesema. "Mbwa ungeniambia. Mimi si mtu wa kugoma kuambiwa." Alisimama, akachukua picha ya Rosie na koti. "Kijana wako ningemwendea hata kama ningejua. Hilo usilifikirie vibaya. Lakini humu silali."

Amekwenda kulala kwenye kibanda cha mafundi.

Jumamosi, 10 Machi

Maji: futi nne na inchi nane.

Jumatatu, 12 Machi

Maji: sawa. Nimeacha sufuria ya kitoweo mlangoni pa kibanda. Imerudishwa imeoshwa, bado imejaa. Nadhani alihamisha chakula, akaosha sufuria, akakirudisha. Mtu huyu.

Alhamisi, 15 Machi

Maji: futi nne na inchi saba.

Nimepanda basi hadi ofisini. Msichana wa mapokezi, Bi Pauline, akatoa jalada.

"Ni wewe uliyetuandikia barua tatu mwezi wa Novemba?"

"Mbili."

Akanionyesha. Ni tatu.

Nilimwambia nataka kuzifuta zote. Akasema barua haifutwi, labda niandike nyingine. Nikaiandika pale pale kwenye kaunta, kurasa nne, foleni ikinisubiri nyuma. Nimeandika kilichotokea tarehe 28 Februari kama kilivyotokea. Nimeandika kwamba mkazi wa karibu alikuwa na makosa na jina lake ni Ivy Tranter. Mkubwa wa Bi Pauline alitoka ofisini, akaisoma amesimama. Akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia nina hakika kuliko nilivyokuwa Novemba mara zote tatu.

Jumanne, 20 Machi

Maji: futi nne na inchi saba. Roy amerudi nyumbani, plasta mpaka kwenye paja. Malvern limeinuliwa kwa winchi na pampu, na fundi wa chuma ameziba omo kwa bati. Roy aliketi dirishani akitoa maelekezo. Nimemwambia tumepata Mkaguzi wa pili.

Alhamisi, 22 Machi

Maji: futi nne na inchi nane. Jua.

Barua imefika kwa Skerrett. Alimpelekea Bwana Rhoden amsomee. Sikumlaumu. Nilikuwa naanika nguo na nilisikia yote: amri imeondolewa, anaweza kukaa pale apendapo, na omo litatengenezwa upya kwenye gati la ofisi.

"Rudia hapo pa kukaa," alimwambia Rhoden. Rhoden akarudia.

Baada ya robo saa alikuja getini.

"Mbwa atafukua tena."

"Najua."

"Na moshi siwezi kuuzuia. Jiko ni jiko."

"Nitaanika upande wa pili."

Akafikiri. "Kile kitoweo chako nilikionja," akasema. "Chumvi kidogo mno."

Jumamosi, 31 Machi

Maji: futi nne na inchi nane. Lango liko wazi.

Saa tatu asubuhi Bwana Rhoden alifungua vipenyo vya maji vya milango, na maji yakaingia chumbani taratibu, bila kelele, mpaka yakalingana na ya juu. Kuta zilikaa. Milango ilikaa. Bwana Rhoden alitazama upande kwa upande kwa dakika kumi, kisha akatia ile nyundo mfukoni.

Malvern ndilo la kwanza kupita, likielekea gati la matengenezo huko chini. Skerrett alihitaji mtu wa kufungua malango. Mafundi wote walijitolea. Akaniangalia mimi.

"Miguu yako inaweza kumi na matatu?"

"Inaweza."

Nimefuata mfereji mzima, lango kwa lango. Tangu Wilf afe sikuvuka la pili. Tumepita nyuma ya kiwanda cha shaba, halafu kile cha nibu za kalamu nilikoanza kazi nikiwa na miaka kumi na minne. Madirisha yote yamevunjwa na njiwa wamekaa kwenye benchi langu. Lango la sita liko chini ya jengo la ofisi, unafungua gizani na kusikia watu wanapiga chapa juu ya kichwa chako. Kwenye pembe za madaraja chuma kimelika kwa kamba za farasi, mifuo ya kuingiza kidole. Kila mara nilisukuma mlango, boti likashuka, nikafunga, nikatembea.

Kati ya la nane na la tisa alipunguza injini.

"Mama alinizaa hapa," alisema. "Baba alifunga boti saa moja tu. Kiwanda cha gesi kilikuwa kinasubiri makaa."

"Saa moja?"

"Alilalamikiwa kwa hiyo saa moja pia."

Nilicheka mpaka nikashika boriti ya lango. Yeye naye akacheka, bila sauti, mabega tu.

Lango la kumi na tatu tulilimaliza saa nane mchana. Alinipa mkono kutoka kwenye boti. Atarudi baada ya wiki mbili, akifika huko chini atapiga honi, na amesema tutapanda yote kumi na matatu kwenda juu, na kupanda ni kugumu zaidi.

Nimerudi kwa basi. Vidole vyangu vya miguu vina malengelenge mawili. Roy alikuwa amejaribu kupika kwa mguu mmoja na kaunguza soseji. Nimekula nne, nikamwomba ya tano.